Njia za Msitu wa Amani na Wanaozitunza

Mvua inayonyesha upande wa Amani, katika safu ya milima ya Usambara Mashariki, hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya maji hayo huanguka wakati wa masika na vuli. Njia ya miguu iliyo mteremkoni haivumilii mvua ya namna hiyo. Isipohudumiwa msimu mmoja, maji huigeuza kuwa mfereji. Ikiachwa misimu miwili, vichaka na miti iliyoanguka huifunga, na mpita njia hulazimika kukata njia nyingine kando yake. Kama mtu anaweza kupanda kilima cha Mbomole au kuteremka kuelekea Zigi bila kuishika njia kwa mikono, ni kwa sababu kuna watu walioacha mashamba yao kwa siku nzima, wakachukua panga na jembe, wakaenda kuifungua.

Watu hao ni wakazi wa vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Wengi wao ni wajumbe wa kamati za maliasili na mazingira za vijiji, na wengine ni wanakijiji wa kawaida wanaoitika wito wa msaragambo. Hawamo katika orodha ya mishahara ya serikali kuu wala ya Halmashauri. Makala haya yanaeleza kazi yao, mahali mamlaka yao yanapoishia, wanachopata na wanachokosa, na mkazi anayetaka kuungana nao aanzie wapi.

Msitu ni wa nani

Swali hili huzuka mara kwa mara katika mikutano ya vijiji, na majibu yasiyo sahihi yamekuwa chanzo cha migogoro mingi. Hifadhi ya Amani ni msitu wa serikali kuu. Husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, yaani TFS, chini ya mhifadhi wake. Halmashauri ya Wilaya si mmiliki wa msitu huo, na kijiji nacho si mmiliki, hata kama nyumba za kijiji zimefika hatua chache kutoka mpakani.

Hifadhi ilitangazwa mwaka 1997, ikiwa ya kwanza ya daraja hilo nchini. Iliundwa kwa kuunganisha misitu 6 iliyokuwapo: Amani Mashariki, Amani Magharibi, Amani-Zigi, Kwamsambia, Kwamkoro na ule wa mteremko wa Mnyusi. Iliongezewa pia bustani ya mimea ya Amani, ambayo asili yake ni taasisi ya utafiti iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, pamoja na zaidi ya hekta 1,000 za msitu uliokuwa ndani ya mashamba ya chai. Kwa jumla, eneo lote ni takriban hekta 8,380.

Daraja la hifadhi ya mazingira asilia ni la juu katika ulinzi wa misitu. Ndani yake hairuhusiwi kukata mti mbichi, kupasua mbao, kuchoma mkaa, kulima, kuchunga mifugo wala kuchimba madini. Kuokota kuni zilizokauka huwezekana kwa utaratibu na katika siku zilizopangwa, na siku hizo hutangazwa na uongozi wa hifadhi kupitia ofisi za vijiji. Asiyezijua na aulize kwa mtendaji wake kabla ya kuchukua kamba na kuingia msituni.

Misitu ya hifadhi ya kijiji ni jambo jingine kabisa. Hiyo imo ndani ya ardhi ya kijiji, husimamiwa na halmashauri ya kijiji kupitia kamati yake, na ina sheria ndogo zilizojadiliwa katika mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na Baraza la Madiwani. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na misitu ya aina zote mbili, mmoja ukianza pale mwingine unapoishia, na kamati ikawa ileile. Mjumbe anapovuka mpaka huo asioweza hata kuuona kwa sababu ya vichaka, kazi yake hubadilika. Upande mmoja ni mwakilishi wa mwenye mali, na upande wa pili ni mshirika anayealikwa.

Mwaliko huo umo katika Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, Sura ya 323, inayoruhusu makubaliano ya usimamizi wa pamoja kati ya serikali na jamii zinazopakana na msitu wake. Sheria iliandika jambo ambalo huku milimani lilikuwa limeanza kufanyiwa majaribio. Kuanzia mwaka 1991, mradi wa misitu ya vyanzo vya maji uliofadhiliwa na Finland ulifanya kazi Usambara Mashariki, na mipaka ya misitu ikapimwa upya, ikafyekwa na kupandwa miti ya alama. Kabla ya hapo magogo yalikuwa yakivunwa kwa mashine hadi ndani kabisa ya msitu wa asili, mpaka uvunaji huo ulipositishwa katika miaka ya 1980. Mwanakijiji aliyekuwa akitazamwa kama mwizi wa msitu aliombwa awe mlinzi wake. Mabadiliko hayo hayakuwa mepesi kwa upande wowote.

Wala hayakuja bila gharama. Wakazi wa maeneo ya Derema wanakumbuka jinsi mashamba yao, mengi yakiwa ya iliki iliyooteshwa chini ya kivuli cha miti mirefu, yalivyochukuliwa ili kuunganisha misitu iliyotenganishwa. Fidia ya mazao ililipwa, lakini mchakato wake ulichukua miaka, na mkulima aliyeishi kwa iliki hakupata mara moja zao jingine la kujaza nafasi hiyo. Anayemwomba mtu wa Derema ajitolee kufyeka mpaka hana budi kuanza mazungumzo akilijua hilo.

Njia ni jicho la msitu

Wageni hudhani kwamba njia zinafunguliwa kwa ajili ya watalii. Ni kweli kwamba watalii, wanafunzi na watafiti wanazitumia. Wapo wanaokuja kutazama ndege, wapo wanaotafuta kinyonga wa Usambara, na wapo wanaotaka tu kuona maporomoko ya maji na kurudi. Ile nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni pale Zigi, iliyobaki kutoka enzi za reli ya Wajerumani, ilikarabatiwa ikawa kituo cha taarifa kwa ajili yao. Hata hivyo, mgeni huja siku chache katika mwaka, ilhali njia ina kazi kila siku.

Kazi ya kwanza ni doria. Msitu wenye mabonde na miteremko mikali hauwezi kulindwa na mtu anayetembea pembezoni tu. Wapasuaji wa mbao haramu hupenda mahali ambapo askari hawezi kufika kabla ya saa 3 za kutembea, na njia ikishaziba, saa 3 huwa 6. Wajumbe wenye uzoefu hutambua mengi kwa kutazama njia yenyewe: alama za kuburuta ubao, unga mbichi wa msumeno kwenye majani, nyayo zinazoacha njia bila sababu, na harufu ya moshi pasipo na nyumba. Njia isiyopitwa haionyeshi lolote, kwa kuwa hakuna aliyekuwapo jana wa kulinganisha na leo.

Kazi ya pili inawahusu wachimbaji. Katika miaka ya 2003 na 2004, habari za dhahabu zilileta umati wa wachimbaji wadogo katika maeneo ya Usambara Mashariki, Sakale ikiwa miongoni mwake. Vitanda vya mito vilifukuliwa, kingo zikaporomoka, na maji yakateremka yakiwa tope. Wenye kumbukumbu ya siku hizo wanajua jinsi uchimbaji unavyoanza: watu wawili watatu wenye karai na sururu, mahali pasipofikika kwa urahisi. Wakionekana katika juma la kwanza, huondoka. Wasipoonekana kwa miezi miwili, huwa wamekwisha kuwa kambi.

Kazi ya tatu ni ya wanakijiji wenyewe. Baadhi ya njia ndizo zinazounganisha kitongoji na shule au zahanati, na mzunguko wa barabara ya gari ni mrefu mno kwa mtu anayetembea kwa miguu. Hapo mfereji uliozibuliwa vizuri ni msaada kwa mama aliyebeba mtoto mgonjwa kabla ya kuwa msaada kwa mtalii.

Namna kazi inavyofanyika

Adui wa njia ya mlimani ni maji yanayotembea juu yake. Maji yakipata mahali pa kuteremkia moja kwa moja, huongeza kasi, huchukua udongo na kuacha mizizi na mawe yakichomoza. Kwa hiyo ufundi wote wa kutunza njia ni kuyatoa maji njiani mapema, kabla hayajapata nguvu. Uso wa njia huinamishwa kidogo kuelekea bondeni ili maji yavuke badala ya kuifuata. Penye mteremko mkali zaidi, gogo lililokauka au safu ya mawe hulazwa kwa mshazari kukatiza njia, na nyuma yake huchimbwa mtaro mfupi wa kuyaelekeza maji kwenye majani ya pembeni. Gogo likilazwa wima kabisa dhidi ya mteremko, maji hujaa nyuma yake na kulipita juu. Likilazwa kwa mshazari mkubwa kupita kiasi, maji hukimbia na kuchimba mwisho wake. Wazee wa kazi hii hawapimi kwa chombo. Humwaga ndoo ya maji na kuyatazama yanakokwenda.

Mitaro hiyo huzibwa na majani makavu. Kuizibua ndiyo kazi ndogo kuliko zote na ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Siku moja ya kuzibua mitaro kabla ya masika huokoa siku nyingi za kujenga upya baada ya masika. Kwa sababu hiyo, wito wa msaragambo hufaa kutolewa mwezi wa pili, wakati ambapo wengi wanajitayarisha kulima na hawataki kusikia habari za msitu. Ugumu huo wa ratiba haujawahi kupata dawa.

Ngazi za miti hutengenezwa kwa magogo yaliyokwisha kuanguka, si kwa mti uliosimama. Mawe nayo huchaguliwa kwa uangalifu, hasa karibu na vijito. Kwenye miamba yenye kivuli na unyevu huota lile ua dogo la zambarau ambalo leo hupambwa madirishani katika nchi nyingi duniani. Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala katika eneo la Tanga, alilikusanya mwaka 1892 na kupeleka mbegu kwao, na jina la Saintpaulia likatokana naye. Porini ua hilo hukaa katika maeneo machache tu ya Tanzania na Kenya. Jiwe moja likiondolewa ili kutengeneza ngazi, kundi zima la mimea hiyo laweza kuondoka nalo. Mjumbe mpya hufundishwa kulitambua kabla ya kupewa sururu.

Upana wa njia ni jambo linalowashangaza wengi. Mtu anayefyeka kwa bidii hutaka njia pana na safi kama ya kijijini. Katika msitu huu bidii hiyo huleta madhara. Mwanga ukipenya hadi ardhini, huota kwanza mimea isiyo ya hapa. Mmoja ni musizi, Maesopsis eminii, mti unaokua haraka ulioletwa kutoka nje ya milima hii mwanzoni mwa karne iliyopita na baadaye ukapandwa kwa wingi katika maeneo yaliyovunwa magogo. Hondohondo hupenda matunda yake na husambaza mbegu mbali, hivyo kila uwazi mpya msituni hugeuka kitalu chake. Mwingine ni kichaka chenye majani ya manyoya manyoya na matunda madogo meusi-buluu, Clidemia hirta, kilichotokea katika bustani ya mimea na sasa kinafuata kingo za njia kilomita kwa kilomita. Kwa sababu hiyo, njia ya doria hutakiwa kuwa na upana wa mtu mmoja mwenye mzigo. Matawi ya juu huachwa yakutane. Kung'oa miche ya mimea vamizi kando ya njia ni sehemu ya kazi, ila kukata musizi mkubwa ni uamuzi wa mhifadhi, kwa kuwa mti uliosimama ndani ya hifadhi unalindwa na sheria bila kujali asili yake.

Mpaka wa hifadhi, kinyume chake, hufyekwa kwa upana zaidi na kuachwa wazi, hasa upande wa tambarare ambako kiangazi huja na moto. Moto mwingi hauanzi msituni. Huanza shambani, mkulima anapochoma mabua mchana wenye upepo. Hapo mpaka uliofyekwa huwa ndiyo kinga pekee iliyo tayari, kwa sababu gari la zimamoto halina barabara ya kufikia huko.

Mamlaka yanapoishia

Kazi ya mwanakamati ni kuona, kuandika na kutoa taarifa. Akiwa doriani pamoja na askari wa uhifadhi, hushiriki kama msaidizi na mwenyeji anayejua njia. Akiwa na wanakijiji wenzake tu, hana mamlaka ya kupekua nyumba ya mtu, kumpiga, kuchoma mali yake au kumtoza fedha msituni. Faini inayotokana na sheria ndogo ya kijiji hutozwa kwa utaratibu wa sheria hiyo na kutolewa stakabadhi. Malipo yanayohusu hifadhi ya serikali hulipwa serikalini kwa namba ya malipo. Fedha inayopokewa mkononi chini ya mti, hata kama aliyeipokea ana nia njema, ni rushwa machoni pa sheria na machoni pa jirani.

Wajumbe wengi wanalijua hilo. Linalowatatiza ni jingine: mkosaji si mtu wa mbali. Ni shemeji, ni mtoto wa mwenye nyumba ya pili, ni yule aliyechangia msiba wa mwaka jana. Kamati inayomripoti hulala katika kijiji kilekile. Zipo kamati zilizokufa kwa sababu hii tu, bila ugomvi wowote wa wazi. Wajumbe walipunguza doria kidogo kidogo hadi ikakoma. Utaratibu unaosaidia ni doria ya vijiji viwili kwa pamoja, ili anayemwona mkosaji asiwe peke yake na asiwe ndugu yake. Msaada mwingine ni taarifa kwenda kwa mtendaji wa kijiji na kwa mhifadhi zikiwa na jina la kamati, si la mtu mmoja.

Kuhusu usalama, utaratibu hauna mjadala. Mtu mwenye msumeno na wenzake wanne, usiku, hakabiliwi na mkulima mwenye panga. Mjumbe hurudi nyuma, hukariri mahali na saa, kisha hupiga simu akifika penye mtandao. Namba ya dharura ya polisi ni 112. Mbao zilizopasuliwa ni nzito na hazikimbii, na askari wakiwahi huzikuta barabarani.

Wanachopata na wanachokosa

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Mtu anayetoa siku 2 kwa mwezi hutoa siku 24 kwa mwaka, na hizo ni siku za kupalilia mihogo, kuchuma karafuu au kuanika iliki. Asipopata chochote, atatoa mwaka mmoja, pengine miwili, kisha atachoka, na hakuna hotuba itakayomrudisha.

Faida zipo, lakini hazilingani. Ipo fursa ya kuongoza wageni kwa vijana waliojifunza majina ya miti na ndege, ingawa fursa hiyo hukaa zaidi kwenye vijiji vilivyo karibu na lango. Upo ufugaji wa nyuki kandokando ya msitu. Ipo miti ya msambu, ambayo mbegu zake zenye mafuta wanakijiji wamekuwa wakiziokota na kuziuza, bei ikipanda na kushuka kwa kutegemea mnunuzi aliye mbali.

Upo pia mfano wa vipepeo, ambao unastahili kusimuliwa. Mwaka 2003 Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania lilianzisha mradi wa ufugaji wa vipepeo Amani. Wakulima, wengi wao wanawake, walipanda mimea inayoliwa na viwavi karibu na nyumba zao, wakalea viwavi ndani ya vyandarua, na kuuza pupa, yaani kipepeo akiwa bado ndani ya gamba lake, kwenda kwenye maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Mkulima wa vipepeo alikuwa na sababu yake mwenyewe ya kutaka msitu usimame, kwa kuwa mbegu ya ufugaji wake ilitoka humo. Mwaka 2016 serikali ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi, na pupa wakahesabiwa miongoni mwao. Agizo lilikuwa na sababu zake za kitaifa, likilenga wizi wa wanyama wakubwa kuliko vipepeo, lakini mabanda ya Amani yalipoteza soko lake. Tangu hapo, mtu anayewaambia wanakijiji kwamba msitu utawalipa husikilizwa kwa adabu na kuulizwa maswali mengi.

Upande wa bondeni hali ni nyingine. Maji ya mto Zigi hukusanywa katika bwawa la Mabayani, husafishwa Mowe na kupelekwa katika Jiji la Tanga. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani na kukusanya zaidi ya shilingi bilioni 50 kwa ajili ya miundombinu ya maji, na wawekezaji wakaona ni biashara salama. Usalama wa biashara hiyo unaanzia kwenye mitaro ya njia za Kwamkoro na kwenye kingo za vijito ambako Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, imezuia shughuli za kudumu ndani ya meta 60. Mamlaka hiyo imekuwa ikishirikiana na UWAMAKIZI, umoja wa wakulima wahifadhi wa mazingira katika mabonde ya Kihuhwi na Zigi, na huo ni mwanzo wa kuheshimika. Bado mwenye panga anayefungua njia ya doria juu kabisa ya chanzo hana koti la mvua. Madiwani wa kata za milimani wana kila sababu ya kulipeleka suala hilo kwenye meza zinazohusika, na kamati zina kila sababu ya kuwakumbusha.

Ombi linalofaa kuanza nalo si posho, ingawa posho si dhambi. Kamati nyingi zingeridhika na buti, makoti ya mvua, mafyekeo mawili matatu, sanduku la huduma ya kwanza na vocha ya simu. Zingeridhika pia kujua, kila mwaka, kiasi cha mapato ya hifadhi kilichotengwa kwa ajili ya vijiji na kilivyotumika. Taarifa hiyo inaweza kusomwa katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu hufanyika kila baada ya miezi 3, na mkazi yeyote mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ana haki ya kuiuliza. Asipoiuliza, haitasomwa.

Kwa anayetaka kujiunga

Wajumbe wa kamati huchaguliwa na mkutano mkuu wa kijiji. Nafasi zinapokuwa wazi, mwenyekiti hutangaza, na wanawake wanahimizwa kugombea, maana ndio wanaoingia msituni mara nyingi zaidi kutafuta kuni, uyoga na dawa, na ndio wa kwanza kuona kilichobadilika. Kamati zenye wazee watupu zinahitaji vijana kwa sababu iliyo wazi kwa yeyote aliyepanda kutoka Zigi hadi Amani kwa miguu.

Kushiriki siku za msaragambo hakuhitaji kuchaguliwa. Mkazi hufika kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji, huandikisha jina, na huelezwa siku na mahali pa kukutania. Hakuna anayeingia hifadhini kufanya kazi kwa hiari yake mwenyewe bila mhifadhi kujua, hata akiwa na nia ya kusafisha tu, kwa kuwa mtu aliyekutwa ndani na panga bila taarifa hana namna ya kujitofautisha na mwingine. Shule zinazotaka kuleta wanafunzi huandika barua mapema, na wanafunzi hupewa kazi ya kuzibua mitaro na kung'oa miche, si ya kukata.

Vifaa hutolewa pale vilipo, lakini ni busara kuja na panga lililonolewa, jembe dogo, maji ya kunywa, chakula cha mchana na viatu vinavyofunika vidole. Suruali ndefu iliyochomekwa ndani ya soksi husaidia wakati wa mvua. Kazi huanza saa 1 asubuhi na huishia kabla ya saa 9 alasiri, kwa sababu ukungu wa Amani hushuka mapema na njia ya kurudi ni ileile iliyotengenezwa asubuhi.